Uzi: Viashiria vya ukame ngazi ya chini – vipimo vipi, namba zipi, na hatua zianze lini?

Kamati_Maji (mwanzisha uzi)

Wakuu, nyuzi za ukame humu huwa zinaishia kwenye kulaumiana. Huu naomba uwe wa kazi.

Chukulieni kamati ya vijiji vichache. Kuna wakulima na wafugaji, visima virefu vitatu, lambo moja na vipima mvua viwili. Ramani za setelaiti zipo tele mtandaoni, ila zinapishana: moja inaonyesha nyekundu, nyingine njano, na mwenyekiti anauliza "sasa tufanye nini?" Maswali ni haya:

1. Vipimo gani vichache vinatosha?
2. Namba ikifika wapi ndipo tuchukue hatua?
3. Hatua zenyewe ni zipi, na nani anazifanya?

Majibu ya "elimu itolewe kwa jamii" yawekwe uzi mwingine tafadhali. Hapa tunataka namba.

---

TakwimuKavu

Anza na mvua, kwa sababu vingine vyote vinaifuata kwa nyuma.

Jambo la kwanza, achana na "asilimia ya wastani". Kwenye maeneo makavu, miaka michache ya mvua kubwa huuvuta wastani juu, kwa hiyo zaidi ya nusu ya miaka huangukia chini ya wastani bila kuwepo ukame wowote. Asilimia 70 ya wastani mahali pamoja ni msimu wa kawaida tu, mahali pengine ni balaa.

Tumia SPI, yaani kipimo sanifu cha mvua. Ilitengenezwa na McKee, Doesken na Kleist wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado mwaka 1993, na mwaka 2009 wataalamu waliokutana Lincoln, Nebraska, wakapendekeza idara zote za hali ya hewa duniani ziitumie. Unachukua jumla ya mvua ya kipindi fulani, tuseme miezi 3, unailinganisha na miezi hiyohiyo ya miaka yote iliyopita, unapata namba ambayo 0 ni katikati na hasi ni upande wa ukavu:

-1.0 hadi -1.49: ukame wa kadiri
-1.5 hadi -1.99: ukame mkali
-2.0 kwenda chini: ukame uliokithiri

Kwa lugha ya mtaani, -1 au chini yake hutokea takriban miaka 16 kwa kila 100, -1.5 kama miaka 7, na -2 kama miaka 2. Hapo unaweza kulinganisha sehemu ya mm 300 kwa mwaka na sehemu ya mm 1,200 bila kudanganyana.

Urefu wa kipindi ndio unaovuruga watu wengi. SPI ya miezi 3 inasema habari za mazao na malisho. Ya miezi 12 inasema habari za visima na mabwawa. Zinaweza kupingana na zote zikawa sahihi: mvua nzuri ya miezi miwili inarudisha majani, huku maji ya ardhini yakiwa bado yanalipa deni la mwaka mzima. Ndiyo maana ramani zako zinapishana, mkuu. Soma pembeni imeandikwa miezi mingapi kabla hujaanza kubishana na rangi.

Mitego miwili. Kwanza, usiikokotoe kwa takwimu chini ya miaka 30 ukategemea -2 iwe na maana yoyote. Pili, usitumie SPI ya mwezi 1 wakati wa kiangazi. Kama kawaida ya mwezi huo ni mm 4, manyunyu ya mm 9 yatakupa namba nzuri kabisa, na hakuna hata mbuzi mmoja aliyefaidika.

---

Lulu_wa_Bonde

Na sisi tusio na kumbukumbu za miaka 30 je? Kipima mvua chetu kina miaka minne.

---

TakwimuKavu

Tumia CHIRPS. Ni makadirio ya mvua yanayochanganya setelaiti na vituo vya ardhini, yanaanza mwaka 1981, kila mraba ni kama kilomita 5, na ni bure. Toleo la awali hutoka siku chache baada ya kila kipindi cha siku tano, toleo kamili hutoka mwezi unaofuata. Kwenye ripoti andika umetumia toleo lipi, maana namba hubadilika.

Kipima mvua chako usikitupe. Mraba wa kilomita 5 unachanganya mvua ya kilima na ya bonde, na dhoruba ndogo iliyopiga kijiji kimoja inasambazwa kwenye mraba wote. Weka safu mbili kwenye lahajedwali, yako na ya setelaiti, uzilinganishe kwa siku kumikumi. Zikipishana kidogo kila mara kwa upande uleule, hiyo ni tabia ya setelaiti kwenye eneo lako, izoee. Zikipishana ghafla, kakague kipima mvua kwanza.

---

Mpimamvua

Hapo kwenye "kakague kipima mvua" nitilie mkazo, kwa sababu takwimu mbovu nyingi huzaliwa pale pale kwenye nguzo.

Mdomo wa chombo uwe sawasawa kabisa (pima kwa pimamaji), na uwe mbali na mti au ukuta angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho; ukipata mara nne ni bora zaidi. Mti wa mita 6 unataka mita 12 kwa uchache. Kukiweka juu ya paa ni kosa, upepo wa paani unapeperusha matone na unapata pungufu.

Soma saa ileile kila siku, ilimradi iwe saa inayotumiwa na kituo cha hali ya hewa cha karibu. Mvua iliyosomwa asubuhi inahesabiwa kwenye saa 24 zilizopita. Amueni mara moja inaandikwa tarehe ipi na msibadilishe.

Kosa kubwa kuliko yote: nafasi tupu na sifuri si kitu kimoja. Sifuri maana yake nimekwenda, nimeangalia, hakuna maji. Nafasi tupu maana yake hakuna aliyekwenda. Mwingiza takwimu akijaza tupu zote kwa sifuri, amekutengenezea ukame wa kwenye karatasi. Na msomaji asipokwenda siku mbili, akikuta mm 31 siku ya tatu aandike "31, jumla ya siku 3", asigawanye kwa tatu.

Mm 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Ukisahau yote, shika hilo.

---

JichoAngani

Niongezee malisho. Kipimo cha kawaida ni VCI, yaani kipimo cha hali ya mimea kwa setelaiti: unachukua ukijani wa leo (NDVI), unautoa ukijani wa chini kabisa uliowahi kuonekana kipindi hicho cha mwaka, unagawanya kwa tofauti ya wa juu kabisa na wa chini kabisa, unazidisha kwa 100. Mamlaka ya Kenya ya kusimamia ukame, NDMA, hutumia VCI ya miezi mitatu kwa mgawanyo huu, na unafaa kuazimwa kama pa kuanzia:

50 na zaidi: zaidi ya kawaida
35 hadi 50: kawaida
20 hadi 35: ukame wa kadiri
10 hadi 20: mkali
chini ya 10: uliokithiri

Lakini setelaiti inaona kijani, haioni chakula. Eneo lililovamiwa na vichaka kama *Prosopis juliflora* litaonekana zuri kwenye ramani huku nyasi zikiwa zimekwisha, kwa sababu mizizi yake inakwenda chini sana na majani yanabaki. Pia tenganisha mashamba ya umwagiliaji na mikanda ya kandokando ya mto kabla ya kuchukua wastani wa eneo. Usipofanya hivyo, ekari chache za kijani zinaficha maelfu makavu.

Dawa yake ni ya miguu. Chagua maeneo 6 hadi 10 ya kudumu ya malisho, piga picha kila siku 15 ukisimama palepale na kuelekea upande uleule, andika kama majani yanafika kwenye kifundo cha mguu, yamebaki mashina, au ardhi iko wazi. Baada ya misimu miwili picha hizo zina thamani kuliko ramani yoyote ninayoweza kukutengenezea mimi, na nasema hivyo nikiwa mtu wa ramani.

---

FundiKisima

Nimesubiri tufike kwenye maji. Mkuu umesema una lambo moja. Hapo ndipo kamati nyingi zinaingia mkenge, ngoja nipige hesabu taratibu.

Kijiti cha kina kinasema lambo likijaa ni mita 3. Leo kinasoma mita 1.5. Mkutano mzima unasema "tumebakiwa na nusu". Si kweli. Kingo za lambo zinakutana chini kwa mteremko, kwa hiyo kila maji yanaposhuka na eneo lake linapungua. Kwa lambo lenye uso wa mita za mraba 5,000 na kina cha mita 3, ujazo ni takriban 5,000 × 3 ÷ 3 = mita za ujazo 5,000. Kina kikifika nusu, uso unabaki robo (1,250), na ujazo unabaki moja ya nane: mita za ujazo 625 hivi. Kikibaki mita 1, kuna kama 185 tu.

Sasa ongeza jua. Kwenye sehemu ya joto na upepo maji ya wazi hupoteza kama mm 6 kwa siku. Kwenye uso wa mita za mraba 5,000 hizo ni lita 30,000 kila siku bila mtu kuchota ndoo. Tuseme watu na mifugo wanatumia mita za ujazo 40 kwa siku. Asiyehesabu mvuke atasema 5,000 ÷ 40, siku 125. Ukiweka mvuke unaopungua kadiri uso unavyopungua, unapata siku 88 hivi. Na mgawanyo wake ndio unaoua: kutoka kujaa hadi nusu ya kina zinapita siku 74, kutoka nusu hadi kukauka zinabaki siku 14. Hapo sijatoa yanayonywea ardhini wala tope la chini lisilonyweka.

Kwa hiyo alama ya kuchukua hatua kwenye lambo hili haiwi mita 1.5. Nusu ya *ujazo* iko kwenye mita 2.4, na kutoka hapo una kama siku 50. Paka rangi nyekundu kwenye kijiti pale, na mwandike "siku 50" ubavuni. Namba ya siku inaeleweka na kila mtu, mita hazieleweki.

Kupata ujazo wa lambo lenu bila mpimaji: pimeni urefu wa tuta kwenye usawa wa maji ya kujaa (L), umbali maji yanaporudi nyuma kutoka tutani (T) na kina kikubwa (H), vyote kwa mita. L × T × H ÷ 6. Ni makadirio, likiwa la umbo la ajabu yatakosea sana. Mkipata mtumbwi na kamba yenye uzito, pimeni kina kila mita 10 kwa mistari, mtapata kitu cha uhakika zaidi, na mtajua tope limekula kiasi gani.

---

Kamati_Maji

Mkuu FundiKisima, hiyo ya siku 74 na 14 imenifanya niisome mara tatu. Na visima virefu? Kimoja kimeanza kutoa maji kidogo na watu wanasema ni ukame.

---

FundiKisima

Labda ni ukame, labda ni pampu. Msiseme kabla hamjapima vitu vitatu: kina cha maji pampu ikiwa imezimwa usiku kucha, kina cha maji pampu ikiwa imekimbia saa kadhaa (muda uleule kila mara), na wingi wa maji. Wingi pimeni kwa pipa na saa: pipa la lita 200 likijaa kwa dakika 2 ni lita 100 kwa dakika, yaani mita za ujazo 6 kwa saa. Kina kinapimwa kwa waya wenye kengele unaoshushwa kisimani. Kama kisima hakina bomba dogo la kupitishia waya huo, liwekeni siku pampu itakapotolewa, vinginevyo waya utanasa kwenye nyaya.

Kisha someni hivi:

Maji ya asubuhi kabla ya kuwasha yanazidi kushuka mwezi hadi mwezi: chemchemi ya chini yenyewe inashuka. Huo ndio ukame, au mnachota kuliko kinachoingia.

Maji ya asubuhi yako palepale, wingi umepungua, na pampu ikikimbia maji hayashuki kama zamani: pampu imechoka au bomba linavuja ndani ya kisima. Ukame hauhusiki.

Maji ya asubuhi yako palepale, wingi umepungua, na pampu ikikimbia maji yanashuka zaidi: chujio la kisima limeziba. Kinataka kusafishwa.

Mfano: kilikuwa kinatoa mita za ujazo 6 kwa saa na kushuka mita 12, yaani 0.5 kwa kila mita. Sasa kinatoa 4.5 na kushuka mita 15, yaani 0.3. Hapo nafikiria chujio kabla ya kulaumu mbingu.

Pampu za mkono ni habari nyingine. Wakati wa ukame zinakufa nyingi kwa sababu zinafanya kazi usiku na mchana, maji yakiwa bado yapo. Nunueni sili za pistoni, bushi na fito za akiba *kabla* ya kiangazi.

---

MifugoKwanza

Kwa mifugo nitakwenda kwenye hesabu inayokatisha tamaa, kwa sababu ndiyo inayoamua.

Ng'ombe wa kilo 250 anataka chakula kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6.25 kwa siku. Ng'ombe 100 kwa siku 90 ni kilo 56,250. Tani 56 na ushee, kwa ng'ombe mia tu. Hakuna kamati ya vijiji itakayonunua hizo kwa kundi zima, na anayeahidi hivyo anapiga siasa. Kinachowezekana ni kulisha mbegu: majike wenye mimba au wanaonyonyesha, na madume wachache, kwa kiasi cha kuwafikisha tu. Wengine wauzwe wakiwa bado na nyama.

Alama ya kuuza ni mwili wa mnyama na soko kwa pamoja. Pimeni unono kwa mizani ya 1 hadi 5 kwa kushika mgongo na mbavu, wanyama walewale kila mwezi. Wastani ukishuka kutoka 3 kwenda 2.5 msimu wa mvua ukiwa umeshindwa, uzeni. Ukifika 1.5 mnunuzi haji, na akija anakupa bei ya ngozi. Sokoni fuatilieni uwiano: mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za nafaka? Bei ya mbuzi peke yake inaweza kubaki ileile huku nafaka ikipanda mara mbili, na mfugaji amefilisika kimyakimya.

Chanjo na dawa za minyoo ziende mapema, mnyama akiwa na nguvu.

Halafu kuna hili la visima vya dharura. Mkifungua kisima kwenye malisho ya akiba mapema, mifugo inahamia, inakula akiba yote miezi miwili kabla ya wakati, na maji yanabaki katikati ya vumbi. Kufuli la kisima hicho liwe na masharti ya maandishi: kinafunguliwa VCI ikifika wapi, kwa idadi gani ya mifugo, na kinafungwa lini.

---

Nusu_Nusu

Mnazungumza vipimo vya kilichokwisha kutokea. Utabiri wa msimu si upo? El Niño ikitangazwa si tunajua?

---

TakwimuKavu

Taratibu. Kwanza El Niño haina maana moja. Kusini mwa Afrika mara nyingi huvuta ukame, Afrika Mashariki mvua za Oktoba hadi Desemba mara nyingi huongezeka, na La Niña hugeuza hayo. Kwa hiyo swali ni "kwenye eneo langu, msimu upi, inafanya nini".

Pili, utabiri wa msimu hutolewa kwa mafungu matatu: chini ya kawaida, kawaida, juu ya kawaida. Ukisomeka 45-35-20, maana yake uwezekano wa mvua pungufu ni 45 kwa mia. Bila utabiri wowote ungekuwa 33. Umesogea, ila bado kuna 55 kwa mia kwamba haitakuwa pungufu. Mtu akikuambia "wamesema mvua haitanyesha", hajausoma.

---

Nusu_Nusu

Basi hauna faida.

---

TakwimuKavu

Una faida ukiugawa kwa gharama. Chukua gharama ya hatua, igawanye kwa hasara inayookolewa. Hatua ina maana pale uwezekano wa ukame unapozidi jibu hilo. Kukarabati pampu kunagharimu 1 na kunaokoa 5: fanya uwezekano ukizidi 20 kwa mia. Yaani ufanye kila mwaka, utabiri au bila utabiri. Kununua akiba ya malisho kunagharimu 1 na kunaokoa 2: unahitaji zaidi ya 50 kwa mia, 45 haijatosha, subiri mvua ya nusu ya kwanza ya msimu kisha uamue. Kwa njia hii utabiri unapanga foleni ya hatua, za bei rahisi mbele, za bei kali nyuma.

---

AfyaMezani

Nitie neno la lishe kwa ufupi. Kanda ya kupima mzunguko wa mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya mm 115 ni utapiamlo mkali, 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Inapimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea, kanda isikaze wala isilegee. Angalia na uvimbe wa miguu yote miwili, maana mtoto aliyevimba anaweza kuwa na mkono wa kudanganya.

Ila naomba msiiweke kanda hii kama alama ya *kuanzia*. Ikishuka, maziwa yameshakauka, mifugo imeshauzwa, na kina mama wameshaanza kupunguza milo. Iwekeni kama kipimo cha kuangalia kama hatua zenu zinafanya kazi. Wanaoisubiri ndiyo waanze, wamechelewa miezi.

---

Kamati_Maji

Naona vipimo vimeanza kukaa. Sasa swali la 2 na la 3: tunaviunganishaje na hatua?

---

DaftariJekundu

Hapa ndipo kazi yote inapookoka au kufa. Onyo lenyewe mara nyingi halikosekani. Mtandao wa tahadhari za mapema za njaa, FEWS NET, ulianzishwa mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, na kuhusu Somalia ulianza kutoa tahadhari Agosti 2010. Njaa ikatangazwa rasmi Julai 2011. Karibu mwaka mzima katikati. Kilichokosekana ni makubaliano ya awali kwamba namba hii ikifika hapa, mtu huyu anafanya hiki, kwa fedha iliyoko pale.

Kwa hiyo kila mstari wa mpango wenu uwe na vitu sita: kipimo, chanzo chake, namba, hatua, cheo cha mhusika (msiandike jina la mtu, watu wanahama), na fungu la fedha. Mstari ukikosa kimoja, futeni. Mfano kwa kamati kama hii:

Kawaida. Kila mwaka, wiki 6 kabla ya kiangazi: pampu zikaguliwe, vipuri vinunuliwe, mkataba wa maboza usainiwe na bei iwe imeshakubaliwa ila hakuna gari linalotoka.

Tahadhari. Nusu ya msimu imepita, SPI ya miezi 3 iko -1 au chini, *au* VCI chini ya 35, na picha za malisho zinathibitisha. Ndani ya siku 14: mifugo itenganishwe na maji ya watu kwenye lambo, chanjo zianze, matangazo ya kuuza mifugo yatolewe, shamba lisilochanua lisiongezewe mbolea.

Hatari. Msimu umekwisha na SPI ya miezi 3 iko -1.5 au chini, *au* lambo limebakiwa na siku 50, *au* mbuzi ananunua nafaka nusu ya anayonunua kipindi kama hiki cha mwaka wa kawaida. Ndani ya siku 10: mgao wa maji kwa saa, kisima cha akiba kifunguliwe kwa masharti, chakula cha mifugo ya mbegu kitoke.

Dharura. Lambo siku 14, *au* kisima zaidi ya kimoja kimekufa, *au* lishe inashuka mfululizo. Ndani ya siku 5: maboza, ruzuku ya fedha taslimu au chakula, kliniki za kuhama.

Kenya wanatumia hatua hizo nne na ya tano ya ahueni, kwa hiyo majina hayo yanafahamika. Namba zenu mzijaribu kwa miaka iliyopita: chukueni miaka mitano ambayo wazee wote wanakubaliana ilikuwa mibaya, mwone alama zingewaka mwezi gani. Zikiwaka mifugo ikiwa imeshakufa, zisogezeni juu. Zikiwaka kila mwaka, hakuna atakayezisikiliza.

Na neno "au" msilibadilishe kuwa "na". Kamati inayosubiri vipimo vyote vikubaliane inasubiri mpaka Dharura.

---

FundiKisima

Kwenye maboza kuna hesabu watu wanairuka. Watu 2,000 kwa lita 15 kila mmoja, kiwango cha chini cha Sphere (mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura), ni mita za ujazo 30 kwa siku. Boza la lita 10,000, safari tatu. Rahisi, sivyo?

Kisima cha kujazia kinatoa mita za ujazo 5 kwa saa. Kujaza saa 2, njia kwenda na kurudi saa 2, kumwaga saa 1. Safari tatu ni saa 15, barabara ikiwa nzuri na tairi zikikubali. Boza moja halitoshi, na mawili yatapangana foleni kisimani. Kinachokwamisha ni kisima, magari mnayalaumu bure. Jengeni tangi la juu hapo kisimani, la lita 30,000 kwa mfano, lijazwe usiku. Boza litajazwa kwa bomba pana ndani ya dakika 20 hivi. Hapo gari moja linamaliza kazi kwa saa 10.

Klorini iwekwe wakati wa kujaza, maji yachanganyike njiani, na mpime pale bombani yanapotolewa: inayobaki iwe mg 0.2 hadi 0.5 kwa lita, angalau dakika 30 baada ya kutiwa. Maji yenye tope hula klorini, yatulizeni kwanza.

---

Lulu_wa_Bonde

Na tahadhari inashushwa lini? Mvua ikinyesha watu hawataki tena kusikia habari za mgao.

---

MifugoKwanza

Mvua ya kwanza huua. Mnyama aliyebaki mifupa akinyeshewa usiku wa baridi hafiki asubuhi. Wengine wanakufa kwa matumbo kujaa baada ya kuvamia majani machanga. Msishushe chochote kwenye mifugo mpaka wiki kadhaa za majani zipite, na chakula cha mbegu kiendelee mpaka unono urudi 2.5.

---

DaftariJekundu

Kanuni ninayoipendekeza: kupanda hatua, kipimo kimoja kinatosha. Kushuka, vipimo vyote vya hatua hiyo viwe vimepona kwa miezi miwili mfululizo, na maji yashushwe kwa SPI ya miezi 12 na vipimo vya kisima, si kwa SPI ya miezi 3. Pembe ya Afrika ilipitisha misimu mitano mibovu mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Katikati ya misimu hiyo kulikuwa na siku za mvua nzuri tu.

---

Kamati_Maji

Ahsanteni wakuu. Tunaanza na kijiti cha lambo na mistari ya DaftariJekundu yenye vitu sita. Swali la mwisho kwa FundiKisima: lambo likikauka kabisa, kuna la kufanya zaidi ya kusubiri?

---

FundiKisima

Lipo, na ni wakati pekee wa kulifanya. Chimbeni tope. Walipeni watu kwa mita ya ujazo iliyotoka, mpime shimo, msihesabu siku za kazi.

Angalieni mambo matatu. Kabla ya kuanza, chimbeni vishimo vitano vya majaribio mjue tope lina unene gani na udongo wa mfinyanzi unaanzia wapi. Mkifika kwenye mfinyanzi simameni, ukitobolewa lambo halitashika maji tena na mtalaumu mvua bure. Msichimbe karibu na tuta, acheni nafasi angalau ya mita 5 kutoka mguuni mwake. Tope lenyewe lipelekwe chini ya tuta au mashambani. Likiachwa kwenye ukingo wa juu, mvua ya kwanza inalirudisha ndani lote.

Kisha pimeni L, T na H upya, na msogeze rangi nyekundu kwenye kijiti.